Taa zinazopepesa na besi: uchambuzi wa kisa cha nganya ya viti 33

Gari ni matatu iliyopambwa, yaani nganya, aina ya Isuzu NQR ya viti 33, umeme wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano. Ndani kuna tepe tatu za LED aina ya WS2812B za volti 5, pikseli (nukta za taa, kila moja na chipu yake) 60 kwa kila mita: mita 5 ubavu wa kushoto wa paa, mita 5 ubavu wa kulia, na mita 2.5 kuzunguka kioo cha nyuma. Jumla ni pikseli 750. Zinaendeshwa na ESP32, bodi ndogo ya kompyuta, iliyowekwa WLED, programu ya kuendesha taa. ESP32 hiyo imefichwa chini ya dashibodi pamoja na moduli tatu za kushusha volti zenye chipu ya XL4016, kila utepe na moduli yake, zote zimesongamana ndani ya mkebe mmoja wa plastiki. Data inatoka kwa waya mmoja, inapita utepe wa kushoto, inavuka paa kwenda wa kulia, kisha inamalizia nyuma.

Malalamiko yalikuwa manne. Nyeupe huanza nyeupe karibu na dereva lakini ikifika viti vya nyuma imekuwa rangi ya chungwa. Injini ikiwaka na mziki ukipanda, taa hupepesa na cheche za kijani hurukaruka ubavu wa kulia. Ukichagua nyeupe kwa mwanga wote, ESP32 huzima na kujiwasha upya. La nne ndilo lililofanya gari liletwe: utepe wa kushoto ulizima jioni moja gari likiwa barabarani, na kwa kuwa data inapitia humo, tepe mbili zilizobaki zikanyamaza pia.

Lile la kupepesa lilikuwa limevumiliwa muda mrefu kwa sababu cheche zilikuwa zikifuata besi. Konda aliwaambia abiria kwamba taa zimeunganishwa na mziki, na katika jiji ambalo vijana huacha gari tupu lipite wakisubiri lenye taa na spika, hakuna aliyelalamika. Lakini WLED haikuwa imepewa maikrofoni wala ingizo lolote la sauti. Taa zikicheza na mziki ambao hazina njia ya kuusikia, zinakuonyesha hali ya eathi ya gari, yaani njia ya hasi inayopitia bodi yake.

Kabla ya hapo ESP32 ilikuwa imebadilishwa, programu ikawekwa upya, na utepe wa kushoto ulipokufa, mita yake ya kwanza ikakatwa na kuungwa mpya. Ile mpya ilikufa papo hapo. Hitimisho likawa kwamba LED za Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi, ni feki. Mara nyingi LED husingiziwa. Hapa tatizo lilikuwa makosa matatu ya umeme yaliyopandana, na moja lilikuwa likifunika jingine, hivi kwamba kurekebisha la kwanza kulizidisha la pili.

Utepe uliokufa

Utepe mpya ukifa pale pale unapoungwa, usiunge mwingine. Ondoa waya zote za utepe, washa, na upime moduli ikiwa peke yake. Moduli ya ubavu wa kushoto ilikuwa inatoa volti 25 mahali pa 5. Swichi iliyo ndani ya XL4016 ilikuwa imevunjika na kubaki imeunganisha daima, kwa hiyo stima ya betri ilikuwa inapita moja kwa moja hadi kwa LED. WS2812B imeandikiwa kikomo cha volti 5.3. Ukiangalia pikseli zilizokufa kwa miwani ya kukuza utaona doa la kahawia juu ya kijichipu kilicho ndani ya kila moja, na mita ya kupimia umeme ikiwekwa kati ya chanya na hasi ya utepe husoma ohmu chache tu. Utepe wa namna hiyo ni wa kutupa, hata vipande vinavyoonekana vizima.

Kwa nini moduli ilivunjika? Chipu hiyo inavumilia hadi volti 40 kwenye ingizo. Gari la volti 24 likiwa linachaji husoma 27.5 hadi 28.5, kwa hiyo kwenye mita nafasi inaonekana kubwa. Lakini nati ya betri ilikuwa imelegea. Betri ikiachana na alteneta wakati alteneta inachaji kwa nguvu, hakuna tena kitu cha kufyonza mkondo huo, na volti hupanda ghafla. Kiwango cha ISO 16750-2 kinataja kilele cha volti 151 hadi 202 kwa magari ya volti 24 ambayo alteneta yake haina kinga ya ndani, na mpigo huo unaweza kudumu zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ni muda mrefu mno kwa chipu ya volti 40. Jambo hilohilo hutokea mtu akichomoa waya za kuazima stima kutoka gari jingine huku injini imeshika kasi.

Kinga inayowekwa kwa kawaida ni dayodi ya TVS, inayobana volti zikiruka ghafla, kwenye ingizo, na hapa kuna mtego. TVS inayofaa volti 24 ni kama SM8S33A: haipitishi kitu hadi volti 33, lakini inapobana mpigo mkubwa huubana kwenye volti 53 hivi. Ukiiweka mbele ya moduli ya volti 40, moduli inakufa TVS ikiwa nzima. Kwa hiyo vitu viwili vinakwenda pamoja: TVS hiyo, na konveta, yaani moduli ya kushusha volti, inayostahimili volti 60 au zaidi. Fyuzi hutangulia TVS. Mpigo ukiizidi nguvu, TVS hufa kwa kupiga shoti na fyuzi hukatika, na hivyo ndivyo tunavyotaka iwe.

Upande wa volti 5 nao unahitaji mlinzi wake, kwa sababu konveta yoyote inaweza kuvunjika siku moja kwa namna ile ile. Tiristori ya BT151, swichi ya kielektroniki inayoamshwa kupitia mguu wake wa geti, imewekwa kati ya chanya na hasi kwenye pato la kila konveta: dayodi ya zena ya volti 5.6 kutoka chanya hadi geti, rezista ya ohmu 100 kutoka geti hadi hasi, na kapasita ya nanofaradi 100 sambamba na rezista hiyo ili makelele madogo yasiiamshe. Volti zikipita 6.3 hivi, tiristori hupiga shoti kati ya chanya na hasi, na fyuzi ya volti 24 hukatika. Vifaa hivi vinne ni vya bei ndogo na vinaokoa pikseli 300.

Moduli za XL4016 zina dosari nyingine inayostahili kutajwa. Volti zake hurekebishwa kwa skrubu ndogo ya shaba, na gari likipiga mashimo ya barabara miezi kadhaa, skrubu hiyo husogea. Mojawapo ya zile mbili zilizosalimika ilikuwa inatoa 5.42. Anayelazimika kuzitumia aipake skrubu rangi ya kucha baada ya kuipanga. Kwenye gari, hata hivyo, konveta yenye volti zisizobadilishwa, iliyojazwa gundi ndani ya kasha la alumini, ndiyo ya kununua.

Kutenganisha umeme na data

Utepe mpya na konveta mpya vikiwekwa mahali pake, na waya zote za zamani zikiachwa kama zilivyokuwa, malalamiko matatu ya kwanza yalirudi yote. Jaribio lililofuata halihitaji kifaa: shusha mwanga hadi asilimia 20 na uangalie ni nini kinabaki. Kinachotoweka mwanga ukishuka ni tatizo la nguvu ya umeme. Kinachobaki ni tatizo la data. Hapa rangi ya chungwa ilitoweka na ESP32 ikaacha kujizima, lakini cheche za kijani ziliendelea kufuata besi kama awali. Basi makosa ni mawili na kila moja litafutwe kwake.

Programu nayo ilipewa nafasi ya kujitetea. ESP32 hiyo hiyo na mpangilio ule ule viliunganishwa mezani na kipande cha pikseli 30 na chaja ya volti 5, waya wa data wa sentimita 15. Hakuna cheche hata moja. Kosa la programu hurudia mahali pale pale kwa wakati ule ule. Kosa la waya hubadilika ukigusa, ukiwasha injini, au mtu akiongeza sauti.

Volti zinazoishia njiani

Mita iliwekwa utepe wa kushoto ukiwaka mweupe kwa mwanga wote. Kwenye pato la konveta: 5.02. Mwanzo wa utepe: 4.40. Mwisho wa utepe, mita 5 mbele: 3.0. LED nyekundu hutosheka na volti 2 hivi, lakini ya kijani na ya buluu huhitaji karibu 3 pamoja na kinachobaki kwa chipu yenyewe. Volti zikipungua, buluu hufifia kwanza, kijani hufuata, nyekundu hubaki. Rangi ya chungwa ya viti vya nyuma haina siri nyingine.

Zile volti 0.62 zilizopotea kabla ya utepe kuanza ndizo zenye habari. Waya wa chanya ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, urefu wa mita 3. Shaba ya unene huo ina ohmu 0.0121 kwa mita, na mkondo ulikuwa ampea 7, kwa hiyo chanya ilikula 0.25. Zinabaki 0.37, na waya wa hasi haukuwepo. Fundi alikuwa amefunga hasi ya kila utepe kwa skrubu ya paa iliyo karibu, na hasi ya moduli kwa bolti iliyo chini ya dashibodi, akiachia bodi ya gari kazi ya kurudisha mkondo. Skrubu ya paa ilikuwa juu ya rangi, na chini ya rangi palikuwa na kutu.

Kipimo hiki ndicho kinachorukwa mara nyingi. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya konveta na ncha nyekundu kwenye hasi ya utepe. Watu hutarajia sifuri, hawapimi. Hapa mita ilisoma 0.37 mziki ukiwa umezimwa.

Kuna jambo kuhusu ampea linalowapotosha hata wazoefu. Utepe wa pikseli 300 ukikadiriwa miliampea 60 kwa pikseli unahitaji ampea 18. Mita ya klampu ilisoma 7. Ni rahisi kusema basi makadirio ya vitabuni yametiwa chumvi, na konveta ya ampea 8 inatosha. Kilichotokea ni kwamba utepe ulikuwa na njaa: pikseli za mbali zilishindwa kupata mkondo wao kwa sababu volti hazikufika. Ukiulisha utepe huo huo vizuri pande zote mbili, mkondo hupanda kupita 12, na konveta iliyokuwa ikimudu jana inaanza kuchemka leo. Kwa hiyo kabla ya kuongeza waya, weka kikomo cha mkondo kwenye programu. WLED hukadiria miliampea 55 kwa pikseli na kupunguza mwanga wenyewe ikiona hesabu inapita kikomo ulichoandika. Kwa wanaoandika programu zao kwa maktaba ya FastLED, kazi hiyo hufanywa na setMaxPowerInVoltsAndMilliamps. Zote mbili hupiga hesabu tu, hazipimi chochote, kwa hiyo acha nafasi kati ya kikomo na uwezo wa konveta.

ESP32 iliyokuwa ikijizima nayo inaelezeka hapa. Ilikuwa inakula kutoka moduli ya utepe wa kulia, iliyokuwa ikilegea chini ya mzigo wa joto ndani ya mkebe. Kidhibiti cha volti cha AMS1117 kilicho kwenye bodi ya ESP32 kinahitaji zaidi ya volti moja juu ya 3.3 ili kifanye kazi. Ingizo likishuka chini ya 4.4 hivi, 3.3 nayo huanza kushuka, na mkondo wa ghafla wa Wi-Fi humalizia. ESP32 imepewa konveta yake ndogo ya ampea 3, isiyolisha taa yoyote.

Rekebisho lililozidisha tatizo

Hasi na chanya zilivutwa upya kwa waya mnene. Skrubu za paa ziliachwa, bodi ikatolewa kabisa kwenye njia ya kurudisha mkondo, na hasi zote zikakutana sehemu moja karibu na betri. Mwanzo wa utepe sasa ulisoma 4.95. Nyeupe ikawa nyeupe. Kupepesa na besi kuliisha. Lakini pikseli kumi za kwanza zikaanza kutoa cheche za kijani hata injini ikiwa imezimwa, jambo ambalo halikuwepo.

WS2812B inahesabu ishara kuwa juu inapofika asilimia 70 ya volti zinazoilisha. Utepe ulipokuwa unapata 4.40, kizingiti kilikuwa 3.08, na ESP32 inayotoa 3.3 iliweza kukivuka, angalau mziki ukiwa chini. Umeme uliporekebishwa na kufika 4.95, kizingiti kilipanda hadi 3.46. ESP32 ilibaki pale pale kwenye 3.3. Chipu nyingi huvumilia kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi zao, ndiyo maana baadhi ya tepe huendeshwa na 3.3 miaka bila kelele na nyingine hukataa. Unachokuwa umenunua hapo ni bahati, na joto la paa la bati saa nane mchana si mahali pa kuijaribu.

Kijani hutokea mara nyingi kwa sababu pikseli hizi hupokea biti 24 kwa mpangilio wa kijani, nyekundu, buluu. Biti moja hukaa mikrosekunde 1.25: sifuri hubaki juu kwa 0.4, moja hubaki juu kwa 0.8, na mwanya unaoruhusiwa ni 0.15 tu. Pikseli ikisoma vibaya biti za mwanzo za ujumbe, kijani ndiyo inayoathirika.

Dawa ni chipu ya 74AHCT125, inayolishwa volti 5 na kutambua ishara ya kuanzia volti 2. Herufi zinazofuata 74 ndizo za kuangalia dukani: ukipewa 74HC125 badala ya HCT au AHCT, umerudi kwenye kizingiti kile kile cha 3.5. Pini 14 inaenda kwa chanya ya 5, pini 7 kwa hasi, na kapasita ya nanofaradi 100 inawekwa kati yao, karibu kabisa na chipu. Pini 1 na 4 zinafungwa kwa hasi ili kufungua milango miwili inayotumika. ESP32 inaingia pini 2 na 5, data inatoka pini 3 na 6. Milango miwili isiyotumika haiachwi ikielea: 9 na 12 kwa hasi, 10 na 13 kwa chanya. Vile vibodi vidogo vyenye transista za BSS138 vinavyouzwa kama vibadilisha viwango havifai kazi hii, maana hupandisha ishara kwa rezista na kingo za mpigo huwa za uvivu kwa kasi ya kilohezi 800.

Chipu ikikosekana kabisa, kuna njia ya mkato inayofanya kazi. Kata pikseli moja, iweke karibu na ESP32, na uilishe 5 kupitia dayodi ya 1N4007. Itapata 4.3, kizingiti chake kitakuwa 3.0, itaisoma ESP32 bila shida, na kwa kuwa kila pikseli huitengeneza ishara upya kabla ya kuipitisha, itatoa 4.3 kwa utepe unaofuata. Kwenye hesabu ya WLED iongeze pikseli hiyo moja na uifanye isiwake.

Besi

Kabla bodi haijatolewa kwenye njia, mita iliwekwa tena kati ya hasi mbili, safari hii kwa hali ya kushika kiwango cha juu zaidi, na mziki ukafunguliwa. Kilele: volti 0.9. Mita ya kawaida isiyo na hali hiyo husoma wastani na ingeonyesha 0.4, ukadhani hakuna jipya. Amplifaya iko chini ya kiti cha nyuma na hasi yake ilifungwa kwenye bodi pia. Kila pigo la besi lilivuta makumi ya ampea kupitia mabati yale yale ambayo tepe zilikuwa zikiyatumia. Kwa utepe, hasi yake inapopanda volti 0.9 juu ya hasi ya ESP32, ile 3.3 ya data inaonekana 2.4. Hapo hakuna chipu ya kuvumilia.

Ubavu wa kulia uliumia zaidi kwa sababu data iliufikia kupitia waya mmoja peke yake wa mita mbili uliovuka paa kando ya nyaya za spika, bila hasi ya kwenda nayo sambamba.

Jinsi lilivyofungwa upya

Volti 24 zinasafirishwa mbali, volti 5 zinazaliwa karibu na utepe. Wati 50 kwa volti 5 ni ampea 10, kwa volti 24 ni ampea 2.4 hata ukihesabu upotevu wa konveta. Kutoka betri unatoka waya wa milimita za mraba 2.5, chanya na hasi, kupitia fyuzi kuu ya ampea 15 iliyo ndani ya sentimita 20 kutoka betri, hadi relei ya volti 24 inayoamshwa na swichi ya gari. Relei si anasa. Pikseli 750 zikiwa zimezimwa bado hula hadi miliampea moja kila moja. Kwa volti 24 hiyo ni ampea 0.18 hivi, zaidi ya ampea-saa 2 kwa usiku mmoja, na gari linaloegeshwa wiki nzima kwa gereji litakataa kuwaka.

Baada ya relei, kila konveta ina fyuzi yake ya ampea 5 na TVS yake. Konveta za ampea 10 zimewekwa juu ya dari ya ndani, moja katikati ya kila ubavu, na moja ya ampea 5 nyuma, zote zimekazwa kwa bolti kwenye chuma ili joto lipate pa kwenda. Kasha linagusa bodi lakini hasi haigusi. Hakikisha kwa mita, maana baadhi ya kasha zimeunganishwa ndani na hasi. Kutoka konveta, utepe unalishwa mwanzoni, katikati na mwishoni kwa waya wa 2.5. Penye mpaka wa utepe wa kulia na wa nyuma, chanya ya 5 imekatwa ili konveta mbili zisisukumane, hasi na data zikaachwa zimeungana. Kila mwanzo wa utepe una kapasita ya mikrofaradi 1000, volti 10.

Waya wa kununua ukwaruzwe kabla ya kulipiwa. Nyaya nyingi za spika zinazouzwa kwa bei nzuri ni alumini iliyopakwa shaba: ukwaruze kwa wembe na ndani unang'aa fedha. Upinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo 2.5 yake inafanya kazi ya 1.5, tena hukatika upesi kwa mtikisiko.

Data ni laini mbili sasa. Pini 16 ya ESP32 inaendesha ubavu wa kushoto, pikseli 300. Pini 18 inaendesha wa kulia na wa nyuma, pikseli 450. Pini 0, 2, 12 na 15 zimeepukwa kwa sababu ESP32 huzisoma inapojiwasha, na 34 hadi 39 haziwezi kutoa ishara. Pikseli moja huchukua mikrosekunde 30, kwa hiyo laini ndefu huchukua milisekunde 13.5 badala ya 22.5 za mwanzo, na mwendo wa rangi umekuwa laini zaidi, faida ambayo hakuna aliyeiomba. Kila laini inasafiri kwa jozi moja iliyosokotwa ya kebo ya mtandao, data kwa waya mmoja na hasi kwa mwenzake, na rezista ya ohmu 100 pale inapotoka kwenye 74AHCT125. Utepe wa nyuma unachukua data kutoka pikseli ya mwisho ya ubavu wa kulia, mita 1.2 tu, badala ya kuvutiwa waya wa mita 9 kutoka mbele.

Hasi ya ile jozi ya data ina hatari yake. Waya mnene wa hasi wa utepe ukikatika, ampea zote zitajaribu kurudi kwa ESP32 kupitia uzi huo mwembamba. Kwa hiyo wakati wa kuunga, hasi nene ndiyo ya kwanza, data ndiyo ya mwisho. Wakati wa kufungua, kinyume chake.

Viunganishi vya klipu vimeondolewa vyote. Vinafaa sebuleni, si ndani ya nganya ya Rongai. Kila kiungo kimechomwa kwa solda, kikafunikwa kwa mpira wa kubana kwa joto, na waya ukafungwa kwenye dari sentimita 3 kutoka kwenye kiungo ili mtikisiko usiishie kwenye solda. Gundi ya utepe haistahimili joto la paa, kwa hiyo tepe zimeingizwa kwenye mifereji ya alumini yenye kifuniko cheupe, na karatasi ya plastiki ikawekwa chini yake, maana nukta za shaba zilizo mgongoni mwa utepe zikigusa alumini ni fyuzi nyingine.

Vikomo kwenye WLED ni miliampea 7,500 kwa laini ya kushoto na 11,500 kwa laini ya kulia na nyuma, yaani 7,500 za ubavu na 4,000 za nyuma. Matoleo ya karibuni huruhusu kikomo kwa kila laini. Ya zamani yana kikomo kimoja cha jumla, na hapo unaandika 19,000. Ukilinganisha na nyeupe kamili hii ni chini ya nusu ya mkondo, lakini jicho halioni nusu ya mwanga kama nusu. Pikseli 60 za kwanza za kila ubavu, zilizo karibu na dereva, zimewekwa sehemu yao na kushushwa hadi asilimia 15, kwa sababu mwanga wao ulikuwa unarudi kwenye kioo cha mbele usiku na kumfichia barabara.

Vipimo vya mwisho, injini ikiwaka na besi imefunguliwa yote: katikati ya utepe 4.98, ncha zote mbili 4.85, tofauti kati ya hasi ya 74AHCT125 na hasi ya utepe 0.06, haisogei mziki ukipiga. Konda aliuliza kama taa zinaweza kurudishwa zifuate mziki. Zinaweza: matoleo ya WLED yenye uwezo wa sauti hupokea maikrofoni ya dijitali kama INMP441, inayounganishwa kwa waya tatu za ishara na kulishwa 3.3.

Kwa anayeanza upya bila tepe mkononi, WS2815 ya volti 12 ni chaguo bora kwa gari la urefu huu. Upotevu wa volti hauonekani kwa haraka, na ina waya wa pili wa data, hivyo pikseli moja ikifa zilizobaki huendelea. Usiiunge moja kwa moja kwenye stima ya gari, hata lile la volti 12, kwa kuwa alteneta inayochaji hutoa zaidi ya 14 na kikomo chake ni 13.5.

Limebaki la nenosiri. WLED huja na mtandao wake wa Wi-Fi na nenosiri la wled1234, ambalo kila mwanafunzi wa chuo anayepanda gari hilo analijua. Libadilishwe kabla gari halijatoka gereji.